Mpangaji ananiita mama, umeme nanunua mimi

Shangazi, salamu nyingi. Mimi ni mjane wa miaka 62, mwalimu mstaafu, naishi kwangu Tabata Segerea. Watoto wameshaondoka, mmoja yuko Mwanza kwa mumewe, mwingine anafanya kazi Dodoma. Nyumba ina vyumba vitatu, nikaona nipangishe kimoja nipate hela ya dawa na ya kuongezea pensheni. Jirani akaniletea binti wa miaka 25, anauza duka la dawa Kariakoo. Tukakubaliana 100,000 kwa mwezi, akalipa miezi mitatu. Kuhusu mengine nilimwambia, "Tutaelewana tu, mwanangu."

Sasa ni mwezi wa tatu na hatuelewani. Umeme nanunua mimi. Asubuhi anapiga pasi, usiku anapiga pasi. Mafuta ya kupikia hayamalizi wiki. Anarudi saa nne, saa tano usiku, na anayeamka kumfungulia geti ni mimi. Kuna kijana alikuja Jumapili mbili, nikaambiwa ni kaka yake, akakaa sebuleni mpaka usiku, nami nikajifungia chumbani kama mgeni. Baadaye nikajua si kaka. Siku moja mvua ilinyesha, nikaingia chumbani kwake kufunga dirisha, nikakuta hita ya maji imechomekwa ukutani. Sikusema kitu, lakini tangu siku hiyo nikiona tu taa yake inawaka nakasirika. Nimeanza kumnunia.

Na si mtoto mbaya. Ananiita mama. Mwezi uliopita presha ilinipanda usiku, ni yeye aliyetafuta bajaji, akanifikisha hospitali, akakaa nami mpaka kukapambazuka. Ndiyo maana nashindwa kusema. Sasa ameniomba mdogo wake aje akae naye "wiki mbili tu" akitafuta chuo. Mwanangu wa Dodoma anasema nimtolee vyombo nje. Nifanye nini?
Mama wa Segerea

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kuandika kabla hujamtolea mtu vyombo nje.

Hilo la vyombo tulimalize mapema. Binti amelipa mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo mpaka siku hiyo chumba ni chake. Ukimfungia mlango au ukimwekea mabegi barazani huku kodi yake haijaisha, mwenye kosa utakuwa wewe, na akienda kukushtaki serikali ya mtaa utaitwa wewe. Mwanao anakuonea uchungu, namwelewa, lakini ushauri wa mtu aliye Dodoma hauwezi kuwa sheria ya nyumba iliyoko Segerea. Mwambie umesikia, utamjulisha mtakapofikia.

Sasa nikuambie nilichokiona katika barua yako. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali ambapo binti huyu amevunja mlichokubaliana, sijapaona. Mlikubaliana kodi, akalipa. Mengine yote uliyaacha kwenye "tutaelewana tu, mwanangu", na kila mmoja akaenda kuyajaza kivyake. Yeye bila shaka anajua kwamba laki moja kwa chumba kimoja si hela ndogo, akahesabu kwamba umeme na maji vimo humo humo. Wewe ukahesabu kwamba mtoto mwenye adabu ataona mwenyewe kuwa umeme umeisha, atie mkono mfukoni. Hamkuwahi kuambizana, na sasa ni mwezi wa tatu kila mmoja anamwona mwenzake hana haya.

Tena kuna hili la kuitana mama na mwanangu. Mtoto akiwa kwa mama yake hanunui umeme. Anakaangia mafuta ya mama, anafunguliwa geti na mama, na mdogo wake akija mjini kutafuta chuo anafikia hapo hapo. Binti huyu anakaa kwako kama ulivyomwita. Ulimpokea kama mtoto, unamdai kama mpangaji, na hujamwambia ni lini anakuwa yupi. Muhali ndio uliokufikisha hapa, dada yangu, si tabia ya binti.

Angalia wenzetu wanaoishi nyumba za vyumba sita, Manzese, Buguruni, Magomeni, milango inatazamana kwenye korido, choo kimoja uani. Wanakutana watu wa mikoa yote, hawajuani hata kwa jina, na wanaishi miaka. Mpangaji mpya hajamaliza kupanga vyombo keshaambiwa zamu ya kufagia uani ni lini, choo kinaoshwa na nani, geti linafungwa saa ngapi. Umeme wanahesabu kwa vitu: mwenye taa na simu tu anatoa kiasi hiki, mwenye televisheni anaongeza, mwenye friji anaongeza zaidi, na anayeleta pasi anaitangaza. Hakuna anayeona aibu. Aibu tunayo sisi tunaopangisha chumba ndani ya nyumba tunayolala, na sisi ndio tungepaswa kusema zaidi, kwa sababu mpangaji wa ndani mnachangia jiko, sebule, mpaka usingizi.

Kwa hiyo kaa naye mpange upya. Bado hamjachelewa. Kodi ya miezi mitatu inakaribia kuisha, na pale inapoisha ndipo masharti mapya yanapoanza bila mtu kuona ameonewa.

Nianze na umeme, maana ndio unaokuchoma, na una mambo mawili ambayo wenye nyumba wengi hawayajui mpaka wameshagombana.

La kwanza ni hesabu yenyewe. Pasi ya kawaida ina wati 1,000 au zaidi. Akipiga pasi nusu saa kwa siku, asubuhi na usiku ukijumlisha, ameondoka na nusu uniti, na kwa mwezi ni uniti 15. Ndoo ya maji ya kuoga ikichemshwa kwa hita nayo inakula karibu nusu uniti, kwa hiyo ndoo moja kwa siku ni uniti nyingine 15. Hizo ni uniti 30 ambazo hukuwa nazo ulipokuwa unaishi peke yako. Sasa sikiliza vizuri: TANESCO wana kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wale ambao wastani wao kwa mwezi hauzidi uniti 75, na hao wanauziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukilivuka kundi hilo, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Mjane mwenye friji, televisheni na taa chache anaweza kabisa kubaki kwenye kundi la chini. Akiongezeka mtu mwenye pasi na hita, nyumba nzima inapanda, na kuanzia hapo hata taa yako ya chumbani unailipia bei ya juu.

Fungua ujumbe wa LUKU kwenye simu yako uone uko wapi. Usitazame manunuzi ya kwanza ya mwezi, tazama yanayofuata. Ukiwa umenunua umeme wa 5,000 ukapata uniti arobaini hivi, bado uko chini. Ukipata kumi na nne, umeshapanda. Mwonyeshe na yeye ujumbe huo huo. Binti anauza dawa, hesabu anazijua, na akishaona tarakimu hatadhani kwamba mama anamsemea pasi kwa choyo.

La pili ni kwa nini nimekuambia usitazame manunuzi ya kwanza. Kodi ya jengo tunalipia kwenye LUKU tangu mwaka 2021, na nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa 1,500 kila mwezi, pale mtu anaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi huo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Siku binti atakaponunua umeme tarehe mosi akaona hela yake imemegwa, atadhani amenunulishwa deni lako, na atakuwa na haki ya kuuliza. Umeme wa kwanza wa kila mwezi nunua wewe. Jambo dogo, lakini litakuondolea neno.

Kuhusu kugawana, wengine wanapokezana, leo wewe kesho mimi. Mimi sikushauri hivyo. Kupokezana kunataka mtu wa kukumbushana, na anayekumbusha daima anakuwa mwenye nyumba, usiku, gizani, mita inalia. Wekeni kiasi kimoja cha mwezi, kwa mfano 15,000, anachokupa siku ile ile anayolipa kodi, umeme wote ukanunua wewe. Kwanza andika kwenye daftari mlivyotumia mwezi huu, mkikutana mtajua kama kiasi hicho ni haki au kinahitaji kupunguzwa au kuongezwa. Friji na televisheni ni vyako, usimbebeshe nusu ya kila kitu.

Lakini hita itoke chumbani. Hapo sina mjadala. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya plastiki ni kitu cha kuogopa: ikisahauliwa maji yakaisha inayeyusha ndoo na kuwasha moto, na mtu akitia mkono majini kabla ya kuichomoa anaweza kufa pale pale. Maji ya kuoga yachemshwe jikoni, kwenye gesi. Mwambie kwamba unamkataza kwa ajili ya uhai wake na wako, na kweli ndivyo ilivyo.

Jikoni kwenyewe ni rahisi. Awe na mafuta yake, mchele wake, na rafu moja ya friji. Akiweza anunue mtungi wake mdogo wa gesi wa kilo 6, asipoweza mchangie ule mkubwa unapojazwa. Bili ya maji ya DAWASA igawanyeni mnapoipata. Chumvi na kitunguu kimoja siku ya shida msihesabiane, dada yangu, mtaumizana bure.

Nije kwenye geti. Umeniambia anarudi saa nne, saa tano, lakini hujaniambia anatoka kazini saa ngapi, na nahisi hujamuuliza. Duka la dawa Kariakoo linaweza kufungwa saa tatu usiku. Hesabu kusimama kituoni, hesabu foleni ya kutokea Buguruni, kisha kutembea mpaka kwako. Huenda saa nne na nusu kwake ndiyo mapema. Muulize ratiba yake, halafu mpe ufunguo wa mlango mdogo wa geti. Wewe ni mgonjwa wa presha, kuamka amka usiku hakukufai. Kanuni iwe kwamba akiona atapita saa tano anakutumia ujumbe, na akiingia anafunga komeo. Siku asiporudi kabisa akuarifu kabla hujalala. Hiyo si kumchunga, ni kwamba mtu mnayeishi nyumba moja akitoweka usiku kucha wewe ndiye utakayeulizwa.

Na yule kijana.

Najua hapa ndipo barua ilipokuwa nzito kwako, ingawa umeiandika mistari miwili. Binti ana miaka 25. Kuwa na mwanaume anayemtembelea ni mambo yake, na sikushauri hata kidogo umpigie mama yake simu au umsemee kwa jirani aliyekuletea. Nyumba ni yako, ndiyo, na una haki ya kusema ndani ya nyumba hii mgeni anakaa wapi na mpaka saa ngapi. Sema hivi: wageni wanakaribishwa sebuleni au barazani, mwisho saa mbili usiku, hakuna mgeni wa kiume anayeingia chumbani, hakuna anayelala. Na akiwa na mgeni akuambie asubuhi, ili nawe usijikute umejifungia ndani kwako. Halafu mwondolee haja ya kudanganya. Alisema ni kaka kwa sababu aliogopa utamwonaje, na mtu anayeogopa nyumbani anapokaa hujifunza uongo upesi. Mwambie hujali anaitwa nani, unajali saa.

Sasa nikugeukie wewe. Kule chumbani uliingiaje? Najua mvua ilikuwa inanyesha, na nia ilikuwa njema, na pengine godoro lilikuwa linalowa kweli. Lakini chumba alichokilipia mtu ni chake, na kama aligundua kuwa uliingia, huenda naye ana lake moyoni. Funguo ya akiba kaa nayo kwa dharura, na dharura ni moto, bomba kupasuka, au mtu kuugua. Mvua na dirisha ni simu ya kumpigia: "Dirisha lako liko wazi, niingie nifunge?" Atasema ndiyo kila mara. Utakapokaa naye mwambie kwamba siku ile uliingia. Usingoje aseme yeye.

Mdogo wake asije. Nakuambia hivyo nikijua utaona ni ukatili. Wiki mbili za kutafuta chuo zinageuka kuwa za kungoja majibu, kisha za kungoja mkopo, kisha za kungoja hosteli, na hakuna siku ambayo itakuwa rahisi kumwambia mtoto wa watu aondoke. Hamjaelewana watu wawili, usiongeze wa tatu. Jibu lipo na halina matusi: "Mwanangu, chumba nilikupangisha wewe peke yako, siwezi kuongeza mtu." Usimpe sababu nyingine. Sababu ukizitoa nyingi zitajibiwa moja moja, mwisho utabaki huna, utakubali.

Namna utakavyoyasema ndiyo itakayoamua yote haya yanakwendaje. Usimvamie akiwa ametoka kazini, wala usimsubiri mlangoni na simu ya LUKU mkononi. Chagua Jumapili mchana, mkiwa mmekula. Anza na ile bajaji. Mshukuru kwa ukamilifu, mwambie hujasahau na hutasahau, kisha uiache hapo. Shukrani ya usiku ule usiilipe kwa umeme, kwa sababu deni la namna hiyo halina mwisho na litakutia chuki na mtu aliyekuokoa. Ukishamshukuru, sema moja kwa moja: "Ulipokuja sikukuambia taratibu za nyumba, kosa ni langu. Kodi inapoisha nataka tuanze upya, tuandike. Lakini kwanza niambie wewe, nini kinakusumbua hapa?"

Halafu nyamaza, usikilize. Atakuwa na yake. Labda jumuiya inayosali sebuleni Jumamosi alfajiri wakati yeye ndiyo analala. Labda televisheni. Labda kununiwa bila kujua kosa, na hilo likitoka usilikatae, umeniandikia mwenyewe kwamba unafanya hivyo. Likubali moja analoomba hapo hapo, hata likiwa dogo, aone kwamba meza hii si ya mahakama.

Mkimaliza, andikeni karatasi mbili zinazofanana, yako na yake. Kodi na siku ya kulipa, kiasi cha umeme, maji, jiko, geti, wageni, nani anakaa chumbani, na notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili, wewe ukimtaka aondoke au yeye akitaka kuhama. Wekeni sahihi, mjumbe wenu awe shahidi. Bado hujaniambia kama ulimpeleka kwa mjumbe alipohamia. Kama bado, nenda naye wiki hii akaandikishwe, na ubaki na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA pamoja na namba ya simu ya ndugu yake mmoja wa kweli. Usiku ule wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa, lakini ingekuwa yeye ungempigia nani? Kila akilipa mwandikie risiti, hata ya karatasi ya daftari.

Akikubali, endelea kumwita mwanangu, naye akuite mama, hakuna anayewazuia. Akikataa, msigombane. Mpe notisi ya mwezi kwa maandishi, apate muda wa kutafuta chumba, nawe upokee kodi ya mwezi huo tu na si ya mitatu. Mwezi ukipita na hatoki, nenda serikali ya mtaa na karatasi yako mkononi. Mwanao wa Dodoma msomee mlichoandika mkishamaliza, si kabla.

Zungumza naye Jumapili hii. Usingoje tarehe ya kodi, maana siku hiyo atakuja ameshika laki tatu mkononi, atazihesabu mbele yako akikuita mama, nawe utazipokea na kumwambia tutaelewana tu.